Nyumba Mbili, Jembe Moja

Doris alikuwa na miswaki miwili. Mmoja ulikaa kwenye kikombe cha bati nyumbani kwa mama yake, mwingine ulichomekwa kwenye upenyo wa dirisha nyumbani kwa baba yake. Alikuwa na kandambili jozi mbili na vitana viwili. Sweta tu ndilo alilokuwa nalo moja, la kijani, la shule. Na kwa baridi ya milimani mwezi wa Juni, hilo sweta ndilo lililomtesa, maana kila alipolihitaji lilikuwa limebaki nyumba nyingine.

Nyumba zenyewe hazikuwa mbali. Kijiji cha Mrindi kimekaa kwenye mteremko wa milima ya Upare, juu ya Hedaru, na ukisimama uani kwa baba yake Doris unaliona bati la nyumba ya mama yake kule chini, ng'ambo ya migomba. Kushuka ni dakika kumi na tano. Kupanda ni ishirini na tano, kama hukusimama kupumua.

Wazazi wa Doris waliachana miaka miwili iliyopita. Walichoka kugombana, wakaenda kwa wazee, wakaenda baraza la kata, mwisho kila mmoja akashika njia yake. Mama yake, Jenifer, alirudi na cherehani yake kwa baba yake mzazi, Mzee Abednego. Baba yake, Gideoni, fundi mwashi, alibaki kule juu na mama yake mzazi, Bibi Jenoveva. Ikakubaliwa kwamba Doris atakaa kwa mama, na kila Ijumaa jioni atapanda kwa baba mpaka Jumapili.

Kulikuwa na jambo moja ambalo halikuandikwa popote, lakini lilishikwa kuliko yote yaliyoandikwa. Wawili hao hawakusemezana. Neno lolote lililotoka nyumba moja kwenda nyingine lilipita kwa Doris. "Mwambie baba yako madaftari yameisha." "Mwambie mama yako nimesikia." Hata kwenye kundi la WhatsApp la wakulima walikuwemo wote wawili, na kwa miaka miwili hakuna aliyewahi kumjibu mwenzake.

Doris alikuwa na miaka kumi na miwili, darasa la sita. Kazi hiyo ya utarishi aliizoea. Hakuipenda hata kidogo, lakini hakuna aliyemuuliza.

Sasa, pale Mrindi kuna ndiva. Ndiva ni bwawa la wakulima, lililojengwa na wazee wa zamani kwa mawe na udongo. Usiku linajaa maji ya kijito. Asubuhi mlango wake unazibuliwa, maji yanashuka kwa mfereji, na kila nyumba inamwagilia kwa zamu. Masika yakiisha, ndiva inakuwa imejaa tope, na hapo unaitishwa msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kijiji. Kila nyumba inatoa mtu mmoja na jembe lake. Mtoto wa darasa la tano na kuendelea anahesabiwa mtu. Nyumba isiyotoa mtu inarukwa zamu mbili za maji, na hakuna cha huyu ni ndugu yangu wala huyu ni jirani. Mwenyekiti wa kamati ya ndiva, Mama Faraja, hakuwa mtu wa kubembelezwa.

Mwaka huu msaragambo ulipangwa Jumatatu, wiki ya kwanza ya likizo.

Jumamosi, baba yake alimwita uani.

"Doris, Jumatatu namwaga zege Hedaru, siwezi kuliacha. Na bibi yako kwa goti lile hafiki ndivani. Utatushikia jembe wewe."

"Sawa, baba."

Jumapili jioni akashuka kwa mama yake. Alimkuta amepiga magoti sakafuni, anakata kitambaa.

"Umerudi? Vizuri. Kesho nampeleka babu yako kliniki ya macho Same, tunaondoka alfajiri. Utatushikia jembe kwenye msaragambo."

Doris alisimama mlangoni. "Mama, baba naye..."

Mkasi ukasimama. "Baba yako naye nini?"

Sauti ilikuwa imebadilika. Doris aliijua sauti ile, na aliiogopa kuliko fimbo.

"Hakuna, mama. Nitaenda."

Tusimlaumu mapema. Mpaka hapo Doris hakuwa amemdanganya mtu. Alilala akipiga hesabu zake, kwamba nyumba ni mbili, mikono anayo miwili, basi atachota tope mara mbili ya wengine na mambo yataisha. Ni mtoto wa nyumba mbili tu anayeweza kupiga hesabu ya namna hiyo, akaiona iko sawa.

Jumatatu asubuhi ukungu ulikuwa bado umelala juu ya ndiva. Watu zaidi ya arobaini walisimama ukingoni na majembe, wamejikunyata. Mama Faraja, amevaa koti la mumewe na mabuti ya mvua, alifungua daftari akaanza kuita.

"Nyumba ya Gideoni!"

"Nipo!" Doris akaitika.

Majina yakaendelea. Watu walioitwa waliteremka kwenye tope mmoja mmoja.

"Nyumba ya Mzee Abednego!"

"Nipo!"

Mama Faraja akainua macho. "Nani huyo?"

"Mimi, mama. Doris."

"Si umeshaitika kwa Gideoni wewe?"

"Huyo ana miguu minne!" kijana mmoja akadakia kutoka kwenye tope, na watu wakacheka.

"Nimetumwa na nyumba zote mbili," Doris alisema. "Niandike kote, mama. Nitafanya kazi ya watu wawili."

"Haipo hiyo. Mtu mmoja, jembe moja, nyumba moja. Chagua nikuandike wapi."

Kicheko kikakatika. Watu wote walijua habari za nyumba zile. Kutoka ukingoni pale Doris aliyaona mabati yote mawili, la juu na la chini. Akisema la juu, mama atasikia kabla ya jua kuzama. Akisema la chini, bibi atasikia. 

"Chagua, mtoto, watu wanasubiri kazi."

Doris aligeuka akakimbia na jembe lake.

Mama Faraja alitikisa kichwa, akaandika "hayupo" mara mbili. Sheria ni sheria.

Doris alikaa nyuma ya madarasa ya shule, peke yake, mpaka mchana. Alilia, akachoka, akanyamaza. Kisha akafanya jambo ambalo halina utetezi. Alikwenda kwenye chemchemi, akaloweka udongo, akaupaka kwenye jembe, kwenye miguu na kwenye pindo la gauni. Alipopita kwa bibi yake kurudisha jembe alilolichukua pale alfajiri, bibi akamtazama toka juu hadi chini.

"Pole na kazi, mjukuu wangu. Umetuwakilisha?"

"Ndiyo, bibi."

Jioni mama yake akarudi kutoka Same na Mzee Abednego, aliyefungwa bandeji jicho moja.

"Ulienda?"

"Nilienda, mama."

Na mama yake akampa andazi la Same lililofungwa kwenye gazeti. Doris alisema kuwa ameshiba.

Jumatano ilikuwa zamu ya kwa baba yake. Maji hayakufika. Alhamisi ilikuwa zamu ya kwa mama yake. Huko nako mfereji ulibaki mkavu. Nyumba zote mbili zilikuwa na maharage yaliyoanza kutoa maua, na zamu mbili zikirukwa ni wiki mbili nzima. Maharage yenye maua hayasubiri wiki mbili. Yakikosa maji, maua yanapukutika, na hapo umekosa mboga ya mwaka na mbegu ya mwakani.

Gideoni alimuuliza Omari, kijana anayezibua ndiva.

"Nyumba yenu imeandikwa hayupo," Omari alijibu.

"Binti yangu alikuwepo!"

"Mimi nilichelewa, kaka. Nilivyosikia, aliitika kwa Mzee Abednego."

Kule chini nako Jenifer alimuuliza jirani, na jirani akamwambia kwa masikio yake amemsikia Doris akiitika kwa Gideoni. Wote wawili waliambiwa kweli. Tatizo ni kwamba kila mmoja aliambiwa nusu yake, na nusu nyingine ilikuwa kwa mtu ambaye hasemi naye.

Jioni ile Gideoni aliandika kwenye kundi la wakulima: "Kuna watu wanawarubuni watoto ili waibe zamu za wenzao."

Jenifer akajibu: "Mwizi ni yule anayemtumia mtoto wa mwenzake kama kibarua."

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yao ya kwanza kwa miaka miwili. Watu arobaini na tatu waliyasoma.

Mama yake aliiweka simu chini, akasema bila kumtazama Doris, "Kesho Ijumaa huendi kule. Na Ijumaa ijayo huendi. Tutaona."

"Mama!"

"Nimesema."

Doris alitoka nje akakaa kwenye kuni. Aliogopa sasa, si kuogopa kuchapwa. Aliona kwamba akinyamaza, ule mlango mdogo uliobaki kati ya nyumba mbili, ambao ni yeye mwenyewe, utafungwa. Hatamwona baba. Hatamwona bibi. Na wote watabaki wakichukiana kwa sababu ya jembe lililopakwa tope.

Ijumaa asubuhi alikwenda kwa Mama Faraja. Alimkuta uani anachambua tangawizi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Leo umekuja kuitika jina la nani?"

Doris hakucheka. Akaeleza yote, tangu Jumamosi. Alipofika kwenye habari ya jembe lililochafuka, akasita.

"Na jembe lilichafukaje?" Mama Faraja aliuliza.

"Nililipaka mwenyewe. Na miguu."

"Hata miguu! Loo!" Mama Faraja alitaka kucheka, akaacha. Akachukua tangawizi nyingine. "Sikiliza. Mimi pia nilikosea. Kumwambia mtoto achague mbele ya watu kati ya baba na mama, hilo halikuwa swali la mwenyekiti wa ndiva. Nilikuwa na haraka ya kazi. Ila umewadanganya wazazi wako, na hilo silibebi mimi."

"Utawaambia wewe, mama?"

"Nitawaita. Kusema utasema mwenyewe. Kijiji hiki kina matarishi wa kutosha."

Jumapili saa tisa walikutana kwenye ukingo wa ndiva, kila nyumba imeagizwa ije na jembe. Gideoni alikuja na Bibi Jenoveva, aliyeshuka polepole na fimbo yake, akasimama kila hatua kumi. Jenifer alikuja na jembe begani, hajui ameitiwa nini. Alipowaona wenzake alitaka kurudi.

"Hakuna anayeondoka," Mama Faraja alisema. "Kamati haiamui ndoa za watu. Inaamua maji. Doris, sema."

Doris alisema yote. Kwamba alitumwa na nyumba zote mbili. Kwamba aliitika mara mbili, akashindwa kuchagua, akakimbia. Kwamba hakuchota hata karai moja la tope. "Nyumba zote mbili ziliandikwa hayupo," alimaliza. "Hakuna aliyemwibia mwenzake zamu. Niliwadanganya mimi. Nisameheni."

Maji ya kijito yalisikika yakiingia kwenye ndiva.

"Kwa nini hukuniambia kwamba mama yako naye amekutuma?" Gideoni aliuliza.

"Nikikutajia mama unanyamaza, baba. Nikimtajia mama jina lako anaacha kukata kitambaa. Sasa ningemwambia nani?"

Jenifer alitazama chini, akaona aibu, na aibu ile ilimstahili. Bibi Jenoveva alijifuta macho kwa ncha ya kanga.

"Haya," Mama Faraja alisema, kana kwamba amesikia taarifa ya hali ya hewa. "Tuje kwenye kazi. Kipande cha mfereji cha pale kwenye mwamba, kati ya mashamba yenu. Zamani mlikisafisha ninyi wawili. Sasa miaka miwili hakijaguswa, kila mmoja anasema ni cha mwenzake. Maji yanavujia pale, na watu wa chini wananipigia kelele. Kisafisheni leo, kiishe. Mkimaliza nitaandika kwamba nyumba zote mbili zimefanya msaragambo, na zamu zenu zitarudi."

"Pamoja?" Jenifer aliuliza.

"Kama mnaweza kukigawa katikati bila kuongea, kigaweni."

Walijaribu. Gideoni alianzia juu, Jenifer akaanzia chini, Doris akawekwa katikati na karai la kubebea tope. Safari hii tope lilikuwa la kweli, zito na la baridi, na likamfika mapajani. Kwa nusu saa yalisikika majembe tu. Kisha wakafika kwenye jiwe kubwa lililoporomoka na kukaa katikati ya mfereji, na jiwe lile halikuwa la mtu mmoja.

Gideoni aliliinamia, akalisukuma. Halikusogea. Akainuka, akapumua.

"Shika huku," alisema, hakutaja jina.

"Huko utabomoa ukingo," Jenifer akajibu.

"Basi wapi?"

"Hapo kwenye mzizi. Kama siku ile ya mafuriko."

"Ah, kweli."

Wakashika. Jiwe likasogea, likabiringika nje, na Gideoni akateleza akakaa chini kwenye tope kwa kishindo. Jenifer alicheka kabla hajajizuia. Gideoni alijitazama, naye akacheka.

Bibi Jenoveva, aliyekaa juu ya ukingo, alisema kwa sauti, "Jenifer mwanangu, goti langu hili lingepona mapema kama ungekuwa unapita kunijulia hali."

"Nitapita, mama," Jenifer alisema. "Nilidhani hamtaki kuniona."

"Nani alikwambia?"

Hakuna aliyemwambia. Ndivyo ilivyokuwa kwa mambo mengi ya miaka ile miwili.

Walipomaliza jua lilikuwa limeegemea mlima. Doris aliwatazama baba na mama yake wakinawa miguu kwenye mfereji mmoja, na furaha ikamjaa hadi akashindwa kujizuia.

"Mama, mtarudiana?"

Mama yake alimvuta akamkalisha karibu. Alimtazama Gideoni kwanza, kama anayeomba ruhusa, na Gideoni akaitikia kwa kichwa.

"Hapana, mwanangu. Mimi na baba yako hatutarudiana, na hilo usilisubiri. Lakini kuachana ni jambo moja, na kutosemezana ni jambo lingine. Sisi tuliyachanganya, tukakubebesha wewe mzigo."

"Kuanzia leo mimi na mama yako tukiwa na neno tunapigiana simu wenyewe," baba yake alisema. "Wewe si tarishi wetu, ni mtoto wetu. Na sisi wote wawili tumekutana hapa kwa kuwa ulikuja ukasema kweli. Ungenyamaza, leo tungekuwa bado tunatukanana kwenye simu."

"Ila tope la kujipaka lisirudiwe," Mama Faraja akaongeza, akifunga daftari. "Ukipewa kazi usiyoiweza, sema siiwezi. Ukishindwa katikati, sema nimeshindwa. Utaona aibu siku moja. Ukidanganya, wewe unaona aibu wiki nzima na nyumba mbili zinakosa maji. Umenisikia?"

"Nimesikia, mama."

Maji yalifika Jumatano kwa Gideoni na Alhamisi kwa Mzee Abednego. Mistari ya juu ya maharage ilikuwa imeshapukutisha maua, na haikuzaa. Mingine ilipona.

Wiki iliyofuata Doris alipanda Ijumaa kwa baba yake kama kawaida, akashuka Jumapili kama kawaida. Alipofika chini baridi ilikuwa imeanza kuuma, akajipapasa mabegani. Sweta alikuwa amelisahau juu. Akaguna, akajikunja kando ya jiko, akajua ndiyo basi, mpaka Ijumaa.

Mara ikasikika sauti ya mwanamume nje.

"Hodi hapa!"

Mama yake aliacha cherehani. Kwa miaka miwili sauti ile haikuwahi kupiga hodi mlangoni pale. Akafungua. Gideoni alikuwa amesimama uani, anahema kidogo, sweta la kijani mkononi.

"Mama Doris, mtoto amesahau sweta."

"Asante, Baba Doris. Karibu ndani."

"Leo sikai, giza linaingia. Mzee jicho lake linaendeleaje?"

"Linaendelea vizuri. Kesho wanatoa bandeji."

"Mpe pole zangu."

"Zimefika. Nami nitapanda Jumanne kumwona mama."

Doris alilivaa sweta lake. Lilikuwa bado na harufu ya moshi wa jikoni kwa bibi yake. Akasimama mlangoni karibu na mama yake, wakamtazama baba akipandisha kilima mpaka alipopotea kwenye migomba, kisha wakaingia ndani kupika.